Mama ana mgongo: apande gari la safari kwenda Akamas au abaki hotelini?

Swali: Shikamoo kaka. Naishi Leicester, Uingereza. Mwishoni mwa Juni tunakwenda Paphos, Kupro, kwa wiki moja: mimi, mume wangu, mwanetu wa miaka 6, na mama yangu wa miaka 67 ambaye atakuja kutoka Tanga. Mume wangu ameona tangazo la ziara ya siku nzima kwa jeep kwenye pwani ya Akamas, na sasa haambiliki. Akiona bei inapanda anasema basi tukodi gari la fowili aendeshe mwenyewe, kwa kuwa Kupro wanapita kushoto kama nyumbani. Mama ana matatizo ya mgongo wa chini, lakini amesema wazi kwamba hatabaki hotelini kulinda mabegi. Twende? Na tukienda, tuangalie nini?

Jibu: Marahaba, dada. Nikupe jibu kwanza, sababu zitafuata. Nendeni Akamas, na mama aende. Ila ile ziara ya siku nzima muiache, na shemeji aiweke kando hamu ya kujiendesha. Chukueni asubuhi moja tu ya upande wa kusini, kutoka Paphos hadi ufuo wa Lara na kurudi, gari lenu peke yenu na dereva wake, mama akae mbele. Siku nyingine nendeni Latchi kwa barabara ya lami, mkauone upande wa kaskazini kwa boti. Mtakuwa mmeona karibu kila kinachooneshwa kwenye tangazo, na mama atashuka garini anacheka.

Nasema hivi kwa sababu nimeendesha watalii Kaskazini mwa Tanzania kwa miaka mingi, kisha nikafanya misimu minne Paphos. Barabara za pande zote mbili nazijua kwa makalio yangu.

Akamas ni ile pua ya kisiwa inayochomoza baharini kaskazini-magharibi. Ukiondoka Paphos (ndiyo ile Pafo ya Matendo ya Mitume, kwa wanaosoma Biblia) unafuata lami kando ya bahari, unapita Peyia, unafika Agios Georgios penye bandari ndogo ya wavuvi na mabaki ya kanisa la karne ya 6 lenye sakafu ya vijiwe vya nakshi. Mbele kidogo lami inakatika. Kuanzia hapo ni chokaa nyeupe, mwamba uliotoka nje kama meno, na mifereji iliyochimbwa na mvua za baridi, ambayo jua la Mei limekwisha kuikausha ikawa ngumu kama sementi. Hadi Lara, kutoka mjini, hazifiki kilomita 30. Kipande cha vumbi ni kifupi, mtu anavumilia. Ukipita Lara ndipo mambo yanapobadilika: njia inapanda msituni kwenye misonobari, inazunguka mgongo wa rasi, inateremka hadi kijiji cha Neo Chorio na Bafu za Afrodita upande wa pili. Ziara ya siku nzima huipita njia hiyo yote, huongeza chakula cha mchana kijijini na vituo vya picha, na humrudisha mtu hotelini baada ya muda wa saa 8 au 9. Kijana wa miaka 30 hufurahi. Mgongo wa miaka 67 hautakusamehe.

Watu hudhani kinachoumiza ni miinuko na makorongo, ile sehemu ambayo gari linalala upande na watu wanapiga kelele. Hapana. Pale dereva anakwenda pole kama anayebeba mayai, na kila mtu kajishika. Kinachoumiza ni kipande kinachoonekana cha kawaida, njia iliyojikunja kama bati, saa nzima ya mtikisiko mdogo mdogo usioisha. Pingili za mgongo hazipigwi mara moja, zinapigwa mara elfu.

Hapo ndipo kiti kinapokuwa na maana kuliko gari lenyewe. Gari likipita kwenye shimo hufanya kama pembea ya watoto: ncha zote mbili zinapanda na kushuka, katikati panatulia. Anayekaa juu ya ekseli ya nyuma hurushwa na kila jiwe. Anayekaa katikati ya ekseli mbili hutikiswa tu. Sasa tazama picha za matangazo ya Paphos: mengi ya magari yale ni Land Rover za zamani, ndefu, zimefunguliwa nyuma na kuwekewa mabenchi mawili yanayotazamana kama daladala za enzi zile za Chai Maharage. Benchi lote liko juu ya ekseli ya nyuma. Na kwa kuwa umekaa upande, dereva akifunga breki mwili unajisokota kiunoni. Kibaya zaidi, shimo hulioni likija. Aliyeketi akitazama mbele hukaza tumbo nusu sekunde kabla ya kishindo, bila hata kujijua. Aliyeketi upande kishindo kinamkuta amelegea.

Nilijifunza hili vibaya. Agosti moja, kampuni niliyokuwa naifanyia kazi ilinijazia watu wanane nyuma, mmoja wao bibi wa umri wa mama yako. Aliulizwa hotelini kama ana tatizo lolote akasema hana, kwa sababu alikuwa na wajukuu na hakutaka kuwaharibia siku. Tulipofika Lara alikuwa amenyamaza, rangi imempotea, anashikilia bomba la juu kwa mikono miwili. Nikamhamishia mbele, nikakata ziara, nikarudi kwa njia ya vijijini yenye lami kupitia Ineia na Kathikas. Abiria wengine walidai fedha zao na bosi akanikata mshahara. Ningefanya hivyo tena kesho. Lakini kosa lilifanyika asubuhi hotelini, kwa sababu hakuna aliyemwuliza bibi swali la maana: ukikaa kwenye basi kwa muda wa saa mbili unashuka vipi? Mwulize mama yako hilo. Usimwulize kama anaumwa, mama wa Tanga hawezi kukujibu ndiyo.

Basi unapopiga simu kwa mwenye gari, usianze na bei. Anza kwa kuuliza viti vya abiria vinatazama wapi, na kama kila kiti kina mkanda. Wakisema mabenchi ya pembeni, ni salamu njema na kwaheri. Waambie mna mtoto wa miaka 6, uulize kama watamletea kiti chake: sheria ya huko inamtaka mtoto mfupi afungwe kwenye kiti kinachomfaa, na mwenye gari anayesema atakaa mapajani kwako amekwisha kujieleza ni mtu wa namna gani. Uliza kama bima yao inawahusu abiria wanaolipa. Halafu swali langu ninalolipenda: je, dereva hupunguza upepo wa matairi lami ikiisha? Anayejua kazi yake hushuka pale Agios Georgios, hutoa upepo kutoka paundi 35 hivi hadi 25, na huujaza tena akirudi. Dakika kumi na gari linakuwa godoro. Asiyejua atacheka, atakwambia shokapu ni mpya. Shokapu mpya hazilainishi jiwe dogo dogo, tairi ndilo linalolainisha.

Kiti cha mbele, kilicho katikati ya ekseli mbili, mpe mama. Kwa kuwa usukani uko kulia, atakaa kushoto, na wakati wa kwenda kaskazini bahari itakuwa upande wake. Mkunjie kanga mbili awe na mto wa kiuno, si wa kukalia. Mto wa kukalia humwinua, mkanda ukampanda shingoni. Shukeni mtembee kila baada ya nusu saa, hata kama hakuna cha kutazama. Mwambie dereva mapema kuwa mnataka hivyo, asidhani mnamkosoa. Kama daktari wake alishawahi kutaja diski au mifupa kuwa myepesi, hata hii nusu siku amwulize kwanza.

Sasa shemeji. Ni kweli Kupro wanapita kushoto, Mwingereza aliwaachia hilo kama alivyotuachia sisi, na gari la fowili litakodishwa mahali popote pale mjini. Lakini asome mkataba kabla ya kusaini. Mara nyingi bima ya gari la kukodi hukoma lami inapokoma: matairi, vioo na chini ya gari ni juu yako, hata kama umelipia ile bima kubwa. Jeep anayokodishwa mtalii pia ni fupi, na gari fupi hurukaruka kuliko refu. Ukipita Lara mtandao wa simu hukatika hapa na pale, na kumvuta mtu aliyenasa Akamas hugharimu kuliko ziara yenyewe. Nimewakuta vijana wengi wamekaa kwenye kivuli cha gari, tairi mbili zimepasuka, spea moja. Walijua kuendesha. Kilichowaponza ni kutojua kwamba jiwe la kule, chokaa iliyovunjika, lina makali ya ubavuni, na tairi hukatwa pembeni, mahali ambapo hapazibiki. Dereva wa huko hupita katikati ya jiwe kwa uso wa tairi, wala halikwepi nusunusu. Kama shemeji ana kiu ya usukani, akodi gari la kawaida awapeleke Latchi. Ile barabara ya milimani inamtosha.

Njiani kuelekea Lara mtasimamishwa kwenye meli ya mizigo iliyokwama miambani karibu na mapango ya bahari ya Peyia. Inaitwa Edro III, ilipanda mwamba mwaka 2011 kwenye dhoruba na haijaondoka. Ni picha nzuri. Shika mkono wa mtoto, maana ukingo wa pale ni chokaa laini inayomeguka. Kisha kuna korongo la Avakas, kuta ndefu za mawe zinazokaribiana hadi mtu anagusa pande zote mbili. Hilo ruka. Njia ni ya kuruka mawe ndani ya maji, na kuta zenyewe huangusha mawe, limewahi kufungwa kwa sababu hiyo.

Lara ndiyo ya kukaa. Ni fuo mbili zilizotenganishwa na kichwa cha mwamba, mchanga wa dhahabu, hakuna hoteli, hakuna mwamvuli hata mmoja. Kasa wa aina mbili huja kutaga hapo: kasa wenyewe hasa, wale wa kijani, na duvi. Mama wa Tanga atawajua kwa majina kabla dereva hajafungua mdomo. Idara ya Uvuvi ya Kupro ilianza kuwalinda hapo mwaka 1978, na kuna kibanda cha watunzaji msimu wote wa joto. Mchangani mtaona vizimba vya wavu vya chuma, kama matenga ya kuku yaliyofunikwa. Chini ya kila kimoja kuna kiota. Matundu ya wavu ni mapana kiasi cha kupitisha mtoto wa kasa akitoka kwenda baharini, na ni membamba kiasi cha kumzuia mbweha asifukue mayai. Nimemwona mbweha asubuhi amekaa pembeni ya kizimba, mkia umezungushwa miguuni, anakitazama kama paka anavyotazama samaki aliye kabatini.

Mwishoni mwa Juni kutaga kunaendelea, lakini mayai huhitaji kama wiki saba hadi nane mchangani, kwa hiyo mwanao ataona vizimba na nyayo tu. Nyayo zenyewe zinatosha ukifika mapema: mistari miwili kama ya trekta dogo, imetoka majini, imezunguka, imerudi. Mwambie mapema asije akalia akidai watoto wa kasa. Kuanzia 1 Juni hadi mwisho wa Septemba ni marufuku kuchomeka mwamvuli, kuweka vitanda vya ufukweni, kupitisha gari mchangani au kubaki usiku. Mwamvuli unatoboa mayai, taa zinawapoteza kasa njia. Dereva anayewaambia “mimi najuana nao, tutashusha gari hadi majini” mkataeni hapo hapo.

Utajiuliza kwa nini pwani nzuri hivi haina hoteli. Sehemu ya sababu ni risasi. Baada ya uhuru wa 1960 jeshi la Uingereza lilibaki na haki ya kufanyia mazoezi Akamas, na kwa miongo mingi hakuna aliyejenga mahali panapopigwa mizinga. Hadi leo utaona vibao vinavyokataza kuokota vyuma, na mtoto aambiwe hivyo kwa sauti ya ukali. Baadaye ikaja hifadhi. Wenye mashamba wa vijiji vya juu, Ineia na Droushia, hawajafurahi. Wanaona wenzao wa Peyia wamejenga majumba na kutajirika, wao ardhi yao imefungwa kwa ajili ya kasa na watalii. Serikali ilianza kutengeneza barabara za ndani mwaka 2023, wanamazingira wakapiga kelele kuwa zinapanuliwa kupita kiasi, kazi ikasimama. Mimi, niliyekuwa nalipwa kwa sababu ya barabara mbovu, sikupaswa kuwa na maoni. Ninayo: jeep thelathini kwa mpigo, kila moja na vumbi lake, nazo zinaharibu. Ndiyo maana nakushauri gari moja, asubuhi, mapema.

Asubuhi kuna faida nyingine. Ondokeni hotelini saa 1 na nusu, mtafika Lara kabla ya misafara inayowachukua watu kuanzia saa 2 na kuendelea. Vumbi la mbele ni la aliyewatangulia, na lile la chokaa hukaa hewani kama unga wa sembe mashineni. Kila mtu awe na mtandio wa kufunika pua. Ikifika saa 6 mchana jua la Juni kule halina huruma, na kivuli Lara hakuna. Maji bebeni lita mbili kwa kila mtu mzima.

Chakula. Mkirudi kwa njia ya juu kupitia Kathikas mtakuta migahawa ya kienyeji inayotoa meze, visahani ishirini na kitu vinavyokuja kimoja kimoja. Kwa kuwa nadhani nyinyi ni Waislamu, angalieni: sheftalia, zile soseji fupi za kuchoma, huwa na nguruwe, na lountza ni nguruwe mtupu. Kleftiko ni mbuzi au kondoo aliyeokwa taratibu kwenye tanuri lililozibwa, lakini kuchinjwa kwake kihalali ni jambo la kuuliza. Samaki, dengu, maboga na jibini la halloumi la kukaanga vitawashibisha vizuri. Mwulizeni mwenye mgahawa asali ya karubi, ile sharubati nyeusi ya maganda ya mti. Wazee wa huko waliiita karubi dhahabu nyeusi kwa jinsi ilivyowalisha. Mama akiionja atasema ukwaju umeoa asali.

Siku ya boti ni rahisi. Kutoka Paphos hadi Latchi ni lami tupu, mnavuka milima, mnateremkia ghuba ya Chrysochou. Boti huwapeleka hadi Blue Lagoon, maji ya kijani-buluu yaliyo wazi hadi unahesabu mawe chini, mahali ambapo kwa gari mngefika kwa njia mbaya kuliko zote za rasi, upande mmoja jabali na upande mwingine bahari bila ukingo. Chagueni boti ya asubuhi, bahari huwa imetulia zaidi, na yenye kivuli na benchi la kuegemea. Nyinyi mtaruka majini, mama atakaa na mtoto akiwatazama samaki. Mkirudi, pitieni Bafu za Afrodita: kijidimbwi chini ya mwamba na mtini, ambapo wanasema mungu wa kike wa mapenzi wa Wagiriki alioga. Ni kidogo kuliko unavyotarajia na kuoga hakuruhusiwi. Dakika kumi zinatosha, ila kivuli chake ni kizuri.

Jambo la mwisho ni la haraka lakini lisiposhughulikiwa hayo yote yanafutika: mama akiwa na pasi ya Tanzania anahitaji viza ya kumwingiza Kupro, na viza ya Uingereza haitamwingiza. Ulizeni ubalozi wa Kupro sasa hivi, msisubiri Mei.

Na kwa kuwa mmoja wenu hakuomba ziara hii, mfikirie na yeye. Kando ya ziwa la chumvi la Larnaca kuna Hala Sultan Tekke, msikiti penye kaburi la Umm Haram, sahaba wa Mtume (s.a.w.) aliyekuja na jeshi la Waarabu kwenye karne ya 7. Inasimuliwa kwamba alianguka kutoka kwenye nyumbu wake akafariki hapo hapo. Kutoka Paphos ni kama kilomita 130, barabara kuu ya lami mwanzo hadi mwisho, shemeji ataendesha hadi achoke. Mama yako akisali Dhuhri pale chini ya mitende, ile jeep ataisahau.